Nimepata 6 kati ya 20 kwenye nadharia ya takwimu: niendelee au nihame?

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri miaka 35, afisa takwimu katika halmashauri. Shahada ya kwanza nilisoma uchumi na takwimu, nikamaliza 2013. Mwaka huu nimeanza shahada ya umahiri ya takwimu. Ruhusa ya mwajiri ninayo, ada najilipia mwenyewe.

Testi ya kwanza ya nadharia ya takwimu nimepata 6 kati ya 20. Swali la kwanza lilitaka mgawanyo wa X/(X+Y), ambapo X na Y ni eksponenshali huru zenye lamda ileile. La pili lilitaka kikadirio cha likelihudi kubwa kabisa (thamani inayoipa data uliyoipata uwezekano mkubwa kuliko zote) cha theta kwenye mgawanyo sare kutoka 0 hadi theta. Nilidiferenshieti kama tulivyofundishwa, nikaweka sawa na sifuri, jibu halikutokea. La tatu lilikuwa la matriksi: kuonyesha kwamba tresi (jumla ya namba za ulalo) ya matriksi H kwenye regresheni ni sawa na p, idadi ya vigezo. Hilo sikuligusa.

Zimebaki testi ya pili ya alama 20 na mtihani wa alama 60. Kufaulu ni 50. Nina wiki tisa, na kila usiku napata saa mbili watoto wakishalala. Huwa naangalia video na kupitia madesa ya wenzangu waliosoma hisabati. Nikiyasoma naelewa kabisa, nikiingia chumba cha mtihani sina kitu.

Tena tumeshaambiwa tuanze kufikiria tasnifu. Nataka kuchunguza kwa nini wajawazito wanachelewa kuanza kliniki. Wilaya ninayoifikiria ina wanawake wa umri wa kuzaa wapatao 24,000, na kwa kanuni ya Yamane nimepata sampuli ya 394. Kuna kijana anayechambua data kwa SPSS kwa laki tatu, amesema atanimalizia hadi sura ya nne. Wengine wananishauri nihamie uzamili wa usimamizi wa miradi, eti huko hakuna kudisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli).

Nishauri.
Mama wa Wawili, Morogoro

JIBU

Mama wa Wawili, tuanze na hesabu, maana hofu yako imeikuza. Una 6. Ili ufike 50 unahitaji alama 44 kati ya 80 zilizobaki, yaani asilimia 55. Ukipata 11 kwenye testi ya pili, mtihani utakudai 33 kati ya 60, asilimia ileile 55. Ukipata 5, utakudai 39, ambayo ni asilimia 65, na hapo mlima umekuwa mkali. Kwa hiyo usiamue kuhama leo. Amua matokeo ya testi ya pili yakitoka. Ukiwa umepata chini ya 5, nenda ofisi ya masomo ya uzamili uulize mambo mawili kabla hujajaza fomu yoyote: je, kuahirisha somo kunahesabika kama kufeli, na je, alama ya sapu (mtihani wa marudio) ina kikomo? Vyuo vinatofautiana sana hapo, na uamuzi wako unategemea majibu hayo kuliko ushauri wa wenzako wa vimbweta.

Sasa maswali yako matatu. Tuyafungue moja baada ya jingine, kwa sababu tatizo lako lote limo humo, na si tatizo la takwimu.

La kwanza. X/(X+Y) peke yake haishikiki, mpaka uipe mwenzi. Iite U, kisha chagua V = X+Y. Geuza: X = UV, Y = V(1−U). Sasa tafuta Jakobiani, yaani diterminanti ya matriksi ya 2 kwa 2 yenye dX/dU, dX/dV, dY/dU na dY/dV. Zinatoka V, U, −V na 1−U, na diterminanti yake ni V(1−U) + UV, ambayo ni V tu. Msongamano wa pamoja wa X na Y ni lamda mraba mara e kwa kipeo cha −lamda(x+y). Weka v mahali pa x+y, zidisha kwa v, unapata lamda mraba mara v mara e kwa kipeo cha −lamda v, kwa u kati ya 0 na 1 na v zaidi ya 0. Angalia: u haionekani popote kwenye kanuni, imebaki kwenye mipaka tu. Maana yake U ina mgawanyo sare kati ya 0 na 1, V ni gama yenye umbo la 2, na viwili hivyo ni huru. Swali limeisha kwa mistari sita.

Wengi hukosea mahali pawili. Wanasahau kuzidisha kwa Jakobiani, au hawaandiki mipaka ya u na v. Kosa la kwanza unaweza kulinasa mwenyewe ukiwa bado ndani ya chumba cha mtihani: ukiisahau v, ukiintegreti ulichoandika unapata lamda badala ya 1, na msongamano usiojumlika kuwa 1 si msongamano. Jizoeze kufanya ukaguzi huo kila mara, unachukua nusu dakika. Nyumbani una ukaguzi mwingine: kwenye R, programu ya takwimu, zalisha x na y kwa rexp(10000), chora histogramu ya x/(x+y). Vijiti vikisimama kwa kimo kinachokaribiana kutoka 0 hadi 1, uko salama.

La pili ndilo linalotuonyesha jinsi unavyosoma. Umekariri hatua: andika likelihudi, chukua logi, diferenshieti, weka sawa na sifuri. Hatua hizo hufanya kazi pale kilele kikiwa laini ndani ya eneo. Kwa mgawanyo sare, likelihudi ni theta kwa kipeo cha −n, lakini pale tu theta inapokuwa kubwa kuliko au sawa na thamani kubwa kuliko zote kwenye sampuli. Chini ya hapo ni sifuri kabisa, kwa sababu theta isingeweza kuzaa namba inayoizidi. Logi ukiidiferenshieti unapata −n/theta, na hiyo haifiki sifuri hata ungekesha. Chora picha: mstari uko sifuri, unaruka juu ghafla kwenye namba kubwa ya sampuli, halafu unateremka. Kilele ni ukingoni. Kikadirio ni ile namba kubwa yenyewe.

Mtahini hataishia hapo. Atauliza kama kikadirio kina upendeleo, na jibu ni ndiyo: wastani wake ni n theta gawanya kwa n+1. Ukiwa na sampuli ya 9, kwa wastani unapata asilimia 90 ya theta, kwa hiyo unasahihisha kwa kuzidisha na 10/9. Kisha atakutega kwa kuuliza kikomo cha Cramér na Rao, yaani variansi ndogo kabisa ambayo kikadirio kisicho na upendeleo kinaweza kuwa nayo. Hakitumiki hapa, kwa kuwa mipaka ya data yenyewe inategemea theta. Kila ukiona parameta imekaa kwenye mpaka wa x, weka kalamu ya kudiferenshieti chini, uchore kwanza.

La tatu ni fupi kuliko yote, na ulilikimbia kwa sababu ya sura yake. H ni X mara kinyume cha X'X mara X', ambapo X sasa ni matriksi ya data yenye safu p, na X' ni hiyohiyo iliyogeuzwa safu kuwa mistari. Tresi ina tabia moja ya kukumbuka: matriksi zikizidishwa unaweza kuhamisha ya mwanzo ukaipeleka mwisho, tresi isibadilike. Hamisha X. Inabaki kinyume cha X'X mara X'X, ambayo ni matriksi ya utambulisho ya p kwa p, na tresi yake ni p. Mistari miwili. Faida yake unaijua kazini bila kuijua jina: ndiyo sababu ya kugawanya jumla ya miraba ya mabaki kwa n−p, wala si kwa n. Na p inahesabu pia kigezo cha kuanzia, kwa hiyo vigezo vitatu vya maelezo vinafanya p kuwa 4. Tukiwa hapohapo: mikoa yetu ni 31, Bara 26 na Zanzibar 5. Ukiiingiza kwenye regresheni yenye kigezo cha kuanzia, weka vigezo bandia 30 (kila kimoja ni 1 kwa mkoa wake na 0 kwa mingine). Ukiweka 31, safu zake zinajumlika kuwa safu ya 1, X'X inakosa kinyume, na R itakuandikia NA kwenye mkoa mmoja.

Umeona? Katika maswali yote matatu, takwimu uliijua. Kilichokuangusha ni kalkulasi, uchoraji na algebra ya matriksi, vitu ambavyo tangu 2013 mkono wako haujavigusa. Na video haziwezi kukurudishia. Ukimtazama mtu anasolvu, jicho linaridhika kwa sababu kila hatua inafuata iliyotangulia, lakini mtihani haukuulizi kama hatua inafuata. Unakuuliza ipi inakuja. Madesa yana ugonjwa uleule, tena mengine yana makosa yaliyonakiliwa miaka mitatu mfululizo.

Saa mbili za usiku zinatosha ukizigawa hivi. Dakika 20 za mwanzo, daftari tupu: andika upya, bila kuangalia, suluhisho ulilojifunza jana. Ukikwama, weka alama nyekundu pale ulipokwama kisha fungua. Alama hizo nyekundu ndizo mtaala wako halisi. Dakika 80 zinazofuata, maswali mapya manne, dakika 20 kila moja, na marufuku kufungua jibu kabla dakika 20 hazijaisha hata kama umekaa unatazama ukuta. Dakika 20 za mwisho, linganisha na sahihisha. Usiku mmoja kwa wiki lala mapema. Una watoto na kazi, na mtu asiyelala hufanya makosa ya ishara ya kujumlisha na kutoa ambayo hayana dawa nyingine.

Wiki mbili za kwanza usiguse takwimu. Fanya integrali kwa sehemu, integrali mbili zenye mipaka ya pembetatu (chora eneo kila mara), mfululizo wa jiometri na wa e, na integrali ya gama. Hiyo ya mwisho ishike kwa nguvu: x kwa kipeo cha a−1, mara e kwa kipeo cha −bx, kutoka 0 hadi ukomo usio na mwisho, ni gama ya a gawanya kwa b kwa kipeo cha a. Anayeitambua kwa macho huruka nusu ya integrali za somo hili. Wiki ya tatu na ya nne ni mabadiliko ya vigezo na fankisheni zizalishazo momenti. Ya tano na ya sita ni ukadiriaji: utoshelevu, taarifa ya Fisher, upendeleo. Anza na Poisoni, kwani kila kitu kinatoka safi: kikadirio ni wastani wa sampuli, taarifa ni n/lamda, variansi ni lamda/n, na kikomo cha Cramér na Rao kinafikiwa. Ya saba ni matriksi. Mbili za mwisho ni mitihani ya miaka iliyopita, saa tatu kamili, simu chumba kingine. Testi ya pili ikiangukia katikati, isogeze mada yake mbele, ila usiziruke wiki mbili za kalkulasi.

Wenzako wa hisabati usiwakimbie. Wao wanajua integrali lakini wengi hawajawahi kuona data chafu. Wewe umesafisha data za halmashauri miaka mingi. Wabadilishie: saa moja ya R na data, kwa saa moja ya kusolvu mbele yao wewe ukiwa umeshika chaki.

Tasnifu. Hapa ndipo tuna wasiwasi na wewe kuliko kwenye testi.

Hiyo 394 haikutoka hewani. Inatokana na 400, ambayo ni 4 mara 0.25 gawanya kwa 0.05 mraba, ikapunguzwa kidogo kwa sababu watu ni 24,000. Ndani yake mna masharti ambayo hayatajwi mara nyingi: unakadiria asilimia moja tu, iko karibu na 50, na kila mwanamke amechaguliwa kwa bahati nasibu moja kwa moja kutoka orodha ya wote 24,000. Wewe hutafanya hivyo. Utachagua vijiji kama 20, kila kijiji wanawake 20, kwa sababu za nauli. Wanawake wa kijiji kimoja wana zahanati moja na barabara moja, wanafanana. Mfanano huo, unaopimwa kwa uhusiano wa ndani ya kundi, ukiwa 0.05 tu, sampuli yako inapoteza nguvu kwa kigawo cha 1 + 19 × 0.05, yaani 1.95. Wanawake 394 wanabeba taarifa ya 202, na ukingo wa kosa si asilimia 5 tena bali 7. Kuurudisha kwenye 5 unahitaji 768, na ukitarajia mmoja kati ya kumi asipatikane, 854. Zidisha kwa gharama ya dodoso moja uone kama mshahara unaruhusu. Na hata hapo Yamane hajasema lolote kuhusu regresheni, ambayo ndiyo unayoitaka.

Ushauri wetu: acha kukusanya. Tumia data za TDHS ya 2022, utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya. Ilichagua maeneo 629 ya kuhesabia watu na kaya 26 kila eneo, jumla 16,354, na ina swali lako hasa. Kigezo m13 ni mwezi wa ujauzito mama alipoanza kliniki, m14 ni idadi ya mahudhurio. Tuma ombi la data wiki hii na si mwezi wa mwisho, ukieleza mada kwa aya mbili. Uliza pia chuoni ni kibali gani cha maadili kinachotakiwa kwa data zilizokwisha kukusanywa.

Kisha takwimu yenyewe, kwa sababu tasnifu ya takwimu yenye majedwali ya asilimia na regresheni moja ya logistiki itaulizwa "takwimu iko wapi?" Mada yako ni ya muda hadi tukio. Ijenge hivyo. Mama aliyeanza mwezi wa 4 apate mistari minne, mmoja kwa kila mwezi, 0 ikiwa hajaanza na 1 akianza: 0, 0, 0, 1. Asiyekwenda kabisa apate mistari ya miezi yote ya ujauzito, yote 0. Wachache walioandikwa mwezi 0 waunganishe na wa 1. Halafu endesha modeli ya ndiyo au hapana juu ya mistari hiyo, mwezi ukiwa kigezo cha makundi, kwa kiungo cha cloglog (kanuni inayounganisha uwezekano na vigezo, inayofaa muda uliokatwa kwa miezi). Sura ya mbinu imepatikana, na Shirika la Afya Duniani limekupa mstari wa kupimia: tangu 2016 linapendekeza mahudhurio manane, la kwanza ndani ya wiki 12.

Mitego ya data hii ni minne, na yote huvunja kazi kimyakimya. Kwa wasiokwenda kliniki, m13 iko wazi. R ikiona wazi huwatupa, na hao ndio uliokuwa unawatafuta, basi wakamate kwa m14 kuwa 0. Namba 98 maana yake "sijui". Ukiiacha, utakuwa na mama aliyehudhuria kliniki mara 98. Uzito v005, unaoonyesha kila mama anawakilisha wangapi, umeandikwa bila nukta, ugawanye kwa 1,000,000. Na muundo wa sampuli lazima uingie kwenye hesabu: kifurushi cha survey, amri ya svydesign, v021 kama eneo, tabaka (kundi ambamo maeneo yalichaguliwa) ni v022 au v023 kulingana na maelezo ya sampuli. Kwa modeli tumia svyglm na familia ya quasibinomial. Ukiweka binomial utapata onyo kuhusu idadi zisizo namba kamili, na si kosa lako, ni uzito. Mistari mingi ya mama mmoja isikutishe, kwani yuko ndani ya eneo lilelile na v021 imeshamhesabu.

R ni ya bure. Kompyuta ya GB 4 inatosha usipofungua faili zima. Chagua safu 30 unazohitaji wakati wa kusoma, kwa col_select ndani ya read_dta, vinginevyo mashine itaganda.

Kijana wa laki tatu mwache. Fundi cherehani anayepeleka nguo zake kushonewa kwingine ana maelezo ya kutoa, na wewe utaulizwa maelezo hayo mbele ya watahini: kwa nini kiungo hiki, kwa nini uzito huu, hii hitilafu sanifu (kipimo cha kutokuwa na uhakika wa kikadirio) imetokaje. Yeye hatakuwepo chumbani. Zaidi ya hapo, akikupa sura ya nne iliyotengenezwa SPSS bila tabaka wala maeneo, hitilafu sanifu zako zitakuwa ndogo kuliko ukweli na utatangaza vitu ambavyo havipo.

Kuhusu usimamizi wa miradi: ukiipenda kazi hiyo, nenda. Kama unaikimbilia kwa sababu ya testi moja, usubiri kwanza testi ya pili. Leo usiku anza na integrali ya gama, a ikiwa 3 na b ikiwa 2. Jibu ni 0.25.